Maua ya manjano "sugu" kutoka Marekani: miche 11, ua kwenye mche mmoja tu. Wajuvi wa Tanga njooni

#1 Mama_Sahare

Asalaam aleikum wana jukwaa, na wengine habari za jioni.

Mie ni mama mstaafu, nakaa Sahare hapa Tanga, nyumba si mbali na bahari. Chumvi ya upepo tunaila hata bila mboga. Mwaka jana mwezi wa kwanza mwanangu aliyeko Maryland, Marekani, alikuja likizo na pakiti ya mbegu za maua. Picha ya juu ya pakiti ndiyo iliyoniponza: tuta zima la maua ya manjano ya kukolea, kila ua na kitovu cheusi katikati kama mboni ya jicho. Jina Rudbeckia fulgida, aina ya "Goldsturm". Chini yake sifa mbili, mwanangu akanitafsiria: mmea wa kudumu, tena sugu. Nikasema hili ndilo langu. Waridi nilizozika kwenye uwanja huu zinatosha.

Pakiti ilitaka mbegu zilale kwanza kwenye baridi na unyevu. Nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, nikatia ndani ya kopo, kopo likakaa wiki 4 kwenye friji. Mjukuu nusura azile, alidhani habasoda. Zikaota 14. Nikazihamishia ardhini mwanzo wa masika, 3 zikaoza shingoni kwa maji, zikabaki 11.

Sasa ni mwezi wa nane wa mwaka wa pili. Miche 10 imekaa kama mafungu ya mchicha yaliyolala chini. Majani kijani kibichi, yana vinyweleo, ukipitisha kidole yanakwaruza kidogo. Yananenepa, pembeni yanatoa vitoto, lakini shina la ua hakuna. Mmoja tu, ulioko getini karibu na kiti cha mlinzi, ulianza kuchanua mwisho wa mwezi wa tano na haujaacha.

Mlinzi anasema ni makapi ya chai yake anayoyamwaga pale. Nimewamwagia na hao wengine makapi ya chai wiki sita, nilichoambulia ni sisimizi.

Nisaidieni.

#2 Kijana_wa_Makorora

Shikamoo mama. Siti ya mbele nimekaa.

Hiyo ni samadi imezidi. Naitrojeni ikiwa nyingi mmea unanenepa majani unasahau maua. Nyanya zangu zilinifanya hivyo hivyo.

#3 Mama_Sahare

Marahaba mwanangu. Samadi nimetia mara moja tu wakati wa kupanda, na wa getini ulipata sawa na wenziwe. Tena getini ndiko penye udongo mbaya zaidi, tumbawe tupu, ukichimba shubiri moja jembe linalia.

#4 Nahodha_Mstaafu

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mama weka maji, acha visingizio.

#5 Alamanda_Kwetu

Mimi siwaelewi. Tanga hii mtu anahangaika na ua la manjano la kutoka Marekani? Alamanda imejaa kila uzio wa Raskazone, inachanua mwaka mzima, haiombi friji. Ukipanda Muheza kwenda Amani kando ya barabara alizeti pori imesimama urefu wa mtu na zaidi, njano mpaka macho yanauma. Chomeka fimbo yake ardhini, nenda msibani, ukirudi imeshika.

#6 Mama_Sahare

Alamanda ninayo, na nina wajukuu wanaotia kila kitu mdomoni, na utomvu wake si wa kuchezea. Alizeti pori naijua, nilifundisha Lushoto miaka kadhaa, wakulima walikuwa wanaikata wanafukia majani shambani kama mbolea. Nzuri sana, lakini ukiipanda kwenye uwanja mdogo mwaka ujao utaomba wewe uipishe.

Halafu hili ua nimelilea mie tangu mbegu. Sasa ni mambo ya heshima.

#7 Darasa_la_Nne_B

Ua la Maryland hilo! Ndilo ua rasmi la jimbo lao tangu 1918.

#8 Shamba_Lushoto

@Darasa_la_Nne_B umekaribia lakini hujafika. La Maryland ni Rudbeckia hirta, ndugu yake. Lile maisha yake mafupi, mwaka mmoja, miwili, limekwisha, linajirudisha kwa mbegu. La mama ni fulgida, ndilo la kudumu kweli, linatambaa kwa vishina vya chini ya ardhi. Jina la ukoo alilitoa Linnaeus, yule mtaalamu wa kuipa mimea majina, kumheshimu mwalimu wake Olof Rudbeck kule Sweden. Na hiyo "Goldsturm" ni Kijerumani, dhoruba ya dhahabu. Chipukizi lake liliokotwa kwenye kitalu mwaka 1937, vita ikaingia, Mjerumani mwenye kitalu, Karl Foerster, akaja kuliingiza sokoni 1949. Mwaka 1999 chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha Marekani kikalichagua mmea wa mwaka.

Sasa mama, hilo neno "sugu" la kwenye pakiti. Mwanao ametafsiri vizuri, ila Mmarekani akiandika hivyo hasemi sugu wa jua wala wa chumvi. Anasema sugu wa baridi: theluji ikifunika bustani, majani yakafa yote, mzizi uko hai chini, majira ya joto unaibuka. Wizara yao ya Kilimo ina ramani ya kanda 13 za baridi, namba ndogo ndiyo baridi kali, na ua lako linastahimili mpaka kanda ya 3. Huko usiku mbaya wa mwaka unashuka nyuzi 40 chini ya sifuri. Tanga usiku wa Julai ni nyuzi 20 hivi na watu wanatafuta sweta.

Kwa hiyo umenunua koti la manyoya ukalivaa sokoni Ngamiani. Mmea hauna pa kupumzikia. Nitumie vitoto viwili huku Lushoto nikujaribie kwenye baridi.

#9 Mama_Sahare

Koti la manyoya Ngamiani 😂 umenichekesha mpaka mlinzi kauliza kulikoni.

Lakini mwanangu, na wa getini je? Naye yuko Tanga hii hii. Baridi kaipata wapi?

#10 Karantini

Samahani naharibu mazungumzo. Mbegu kutoka nje zinatakiwa kibali na cheti cha afya ya mimea, hazipiti tu kwenye begi. Wajerumani walipofungua bustani ya Amani mwaka 1902 walileta miti ya kila bara, na mingine mpaka leo inatembea msituni bila kuulizwa.

#11 Mama_Sahare

Umesema kweli na sina utetezi. Mwanangu nimeshamwambia, safari ijayo alete picha.

#12 Mkata_Maua

Mama shikamoo. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye mashamba ya maua Arusha, sasa niko Pongwe na kuku wangu. Uzi huu nimeusoma mara mbili.

Nina maswali mawili. Getini kwako kuna taa? Na kama ipo, iliwekwa lini?

#13 Mama_Sahare

Marahaba. Taa ipo. Iliwekwa mwezi wa pili mwaka huu, baada ya mwizi kuruka ukuta na kuondoka na baiskeli ya mjukuu. Inawaka toka magharibi mpaka alfajiri.

Mbona unaniuliza mambo ya taa, mie nimeuliza mambo ya maua?

#14 Mkata_Maua

Ndiyo jibu lako hilo mama.

Huo mmea unasubiri mchana mrefu ndipo utoe ua. Kwao Maryland mwezi wa Juni jua linakaa juu karibu saa 15. London zinapita 16. Sisi Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu kabisa, Desemba, ina saa 12 na dakika 24 hivi. Fupi kabisa, Juni, saa 11 na dakika 49. Mwaka mzima tofauti haifiki hata dakika 40. "Goldsturm" inataka kama saa 14 ndipo ipandishe shina. Ikipata pungufu inakaa chini inatunisha majani na kuzaa vitoto, inangoja. Miche yako haina ugonjwa. Kwa hesabu yake bado haijafika majira ya joto, na kwa Tanga hayatafika.

Ule wa getini umedanganywa na taa. Mmea haupimi mchana, unapima giza. Taa ikikatiza usiku, wenyewe unaona usiku ni mfupi, basi ni Juni ya Marekani. Taa mwezi wa pili, ua mwisho wa mwezi wa tano, ni miezi mitatu na ushee. Inaingia kwenye hesabu kabisa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1920 Garner na Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliandika habari za tumbaku moja iliyogoma kuchanua kiangazi, inakua tu mpaka inagonga paa. Wakawa wanaiingiza gizani mapema jioni, ikachanua. Ile ni kinyume cha yako, inataka usiku mrefu. Na kule Arusha ndiyo ilikuwa kazi yetu. Krisanthemu za kutoa vipandikizi tunaziwashia taa usiku zisichanue, yale maua madogo ya njano ya kujazia shada tunayawashia yarefuke na kuchanua. Ukipita barabarani saa 5 usiku unadhani kuna harusi shambani.

@Nahodha_Mstaafu safari hii mbaazi kasingizia jua, na jua kweli lina makosa. Na mbaazi zenyewe, zile za kienyeji, zinahesabu usiku hivyo hivyo, ila zinataka usiku mrefu.

#15 Nahodha_Mstaafu

Nimekaa baharini miaka 30 na sijaona mti unaosoma saa. Haya, mbona mwezi mpevu unawaka usiku kucha na hiyo miche 10 haikudanganyika?

#16 Mkata_Maua

Swali zuri mkubwa. Mwezi mpevu unaona kuwa mkali kwa sababu jicho lako limezoea giza. Ukiupima kwa kipimo cha mwanga haufiki hata nusu ya lux. Chini ya taa ya getini mtu anasoma gazeti, chini ya mwezi anasoma kichwa cha habari tu.

#17 Shamba_Lushoto

Nimekaa kimya nafikiri. Kwa hiyo hata mngeniletea Lushoto...

#18 Mkata_Maua

Baridi ungeipa, mchana usingeupa. Lushoto na Tanga jua linachomoza na kuzama karibu sawa, mlima hauongezi saa. Baridi inasaidia mmea huu kuchanua haraka na kwa pamoja, lakini isipokuwepo unachanua. Saa za mwanga ndizo zisizosameheka.

Ila ulichosema kuhusu lile neno sugu ni sahihi, nimekipenda.

#19 Kijana_wa_Makorora

Mimi na samadi yangu tunajiondoa taratibu.

#20 Mama_Sahare

Nimetoka nje sasa hivi na tochi. Wallahi mwanangu mche wa getini umeinamia upande, na matawi yenye maua mengi ndiyo yaliyo chini ya taa. Ule wa pili kutoka pale uko kwenye kivuli cha nguzo ya geti. Hatua tatu tu, nao hauna kitu.

Niambie nifanye nini. Kuwasha taa za harusi usiku kucha siwezi, yuniti zinaisha.

#21 Mkata_Maua

Huhitaji usiku kucha. Katiza giza katikati: washa saa 4 usiku, zima saa 8. Saa nne zinatosha. Balbu ya wati 9 kwa saa hizo, mwezi mzima inakula yuniti moja na kidogo. Chukua yenye mwanga wa njano, zile nyeupe za kibuluu achana nazo. Ining'inize urefu wa mita moja na nusu juu ya tuta. Nunua swichi ya saa, usimtegemee mtu akumbuke.

Washia tuta moja, lingine liache gizani. Siyo kwamba sikuamini, ila mlinzi wako na chai yake lazima tuwamalize kwa ushahidi.

Mche ambao bado hauna majani 10 usiuhesabu, ni mtoto, hata ukiuwashia haulisikii somo. Mingine ngoja miezi miwili mpaka mitatu. Usiku mmoja umeme ukikatika haidhuru.

Mengine: jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku, kwako lipo. Mche na mche nusu mita, usiibane, kwa sababu unyevu wetu wa pwani ukikutana na majani yaliyosongamana unapata madoa meusi ya ukungu yanayopanda kutoka majani ya chini. Maji mwagia shinani asubuhi, siyo juu ya majani jioni. Udongo wa tumbawe una chokaa nyingi, majani yakianza kupauka manjano huku mishipa imebaki kijani ujue madini ya chuma hayapandi toka udongoni, tia mboji na uchanganye. Lakini usiweke shimo linalotuama maji, zile tatu zilizooza shingo ulishaona. Na hivyo vitoto vya pembeni, kila miaka mitatu minne ng'oa fungu zima, gawa kwa jembe, panda upya. Katikati ya fungu huwa panazeeka.

#22 Alamanda_Kwetu

Kwa hiyo ua la kudumu, sugu, linalohitaji friji, swichi ya saa na balbu. Na mimi ndiye mjinga.

#23 Mama_Sahare

Wewe si mjinga mwanangu, wewe una usingizi wa kutosha.

Fundi anakuja Jumatano.

#24 Darasa_la_Nne_B

Nje ya mada kidogo: na mkonge je? Nao ulikuja kwa safari ya namna hii, Mjerumani Hindorf alileta vitoto 1,000 mwaka 1893, vikafika Tanga 62 hai, na hakuna aliyeuwashia taa.

#25 Mkata_Maua

Mkonge hausubiri mchana, unasubiri umri. Ukifika unapandisha mlingoti wake, unatoa maua, unakufa. Wengi mashambani hawajayaona hayo maua sababu majani yanakatwa kila mara.

#26 Mama_Sahare (mwezi wa kumi na moja)

Nimerudi. Mlidhani nimehama.

Taa ilianza kuwaka usiku wa tarehe 28 Agosti, juu ya miche 5. Mitano mingine ikabaki gizani nyuma ya tangi la maji. Wa getini sikuugusa. Maji sawa, mboji sawa, makapi ya chai kwa wote kwa sharti la mlinzi, maana alisema nisipoweka kote atakuwa hajatendewa haki.

Mwezi wa tisa hakuna kitu. Nilikuwa naamka saa 7 usiku naenda kuchungulia kama mtu anayengoja mgonjwa. Balbu inawaka, mbu na nondo wamejaa, mjusi wawili wamehamia wanakula bure. Jirani akauliza kama nimefungua duka. Katikati hapo umeme ukakatika usiku mbili mfululizo, nikadhani kazi imeharibika.

Tarehe 10 Oktoba asubuhi nikaona katikati ya fungu moja majani yamesimama. Sijui nieleze vipi. Mwaka na nusu yamelala kama mkeka, sasa yale ya katikati yamenyanyuka, membamba kuliko wenziwe, na chini yake kishina chenye vinyweleo vyeupe kinasukuma. Nikaita nyumba nzima. Wiki moja, miche minne kati ya mitano. Wa tano ulikuwa na majani 8 tu, kama alivyosema bwana wa Pongwe.

Ua la kwanza limefunguka Ijumaa iliyopita. Kwanza petali zilitoka kijani, fupi, zimejikunja kama vidole vya mtoto, siku ya tatu zikapakwa manjano toka ncha kuja ndani. Nimezihesabu, 13. Kitovu hakikuwa cheusi kama cha kwenye picha, ukikaribia ni kahawia ya kahawa nzito, na chavua ya njano imekizunguka duara kama shanga. Leo yako 9 yaliyofunguka, vitumba sijahesabu. Nyuki wameshajua njia.

Wa nyuma ya tangi wamelala vile vile. Wanene, wamenawiri, hawana hata kikonyo. Ubao wa matokeo umeonekana.

Nimempeleka mlinzi akaone mwenyewe. Akasimama kwenye tuta la taa, akaenda nyuma ya tangi, akarudi. Akasema, "Mama, chai ndiyo imefanya, ila chai inataka mwanga."

#27 Nahodha_Mstaafu

Nimevua kofia. Mti unasoma saa.

#28 Shamba_Lushoto

Mama hongera sana. Bado naomba vile vitoto viwili. Balbu ninayo.

#29 Karantini

Ndani ya nchi haina neno. Osha mizizi tu, udongo wa Sahare ubaki Sahare.

#30 Alamanda_Kwetu

Sikutaka kuandika. Jana nilipita Sahare kwa baiskeli saa 5 usiku, nimeiona hiyo balbu na manjano chini yake. Nilisimama kidogo. Mama unauza kitoto bei gani?

#31 Mama_Sahare

Siuzi, nagawa nikipasua mafungu, masika yakianza. Njooni na jembe zenu asubuhi. Chai itakuwepo, lakini makapi msiyaguse, yana mwenyewe.